Nani Analipia Mazoezi?

Nilikuwa nimeinama uani kwangu Mbagala, nageuza ngoma juu ya moto wa makuti ili ngozi ikaze, kijana mmoja wa kikundi changu akaniuliza, "Mama, leo posho shilingi ngapi?" Nikamjibu leo hatuna onyesho, ni mazoezi tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Ndiyo Mama, nimeelewa. Nauliza posho ya mazoezi." Wenzake wakaangua kicheko. Mimi niliendelea kugeuza ngoma maana sikuwa na la kumjibu, na mtoto wa watu hakuwa amekosea kitu.

Nacheza ngoma kwa pesa tangu mwaka 1982. Katika miaka hiyo yote nimeiona pesa ya msanii wa jukwaani ikibadilisha jina: iliitwa mshahara, ikaitwa kiingilio, ikaja kuitwa posho, na siku hizi inaitwa mkopo. Watu wakizungumzia serikali na sanaa huuliza zimetengwa shilingi ngapi. Swali la yule kijana ni gumu zaidi, na nimechelewa sana kuligundua.

Nilitoka Masasi nikiwa na miaka 19, nikafikia kwa mjomba Temeke. Mjomba alikuwa dereva wa shirika moja la umma ambalo jina lake naliacha, kwa sababu nina neno nalo huko mbele. Shirika lilikuwa na kikundi cha utamaduni na kilikuwa kinatafuta wasichana wanaojua sindimba, ngoma ya Wamakonde. Usaili ulifanyika chini ya mwembe nyuma ya ghala. Nilicheza, wazee wawili wakatazamana, afisa utumishi akaniuliza kama najua kusoma, basi. Kwenye barua ya ajira niliandikwa Mhudumu wa Ofisi. Miaka 11 niliyokaa pale sikuwahi kubeba sinia ya chai hata siku moja. Mchezaji ngoma hakuwamo kwenye muundo wa ajira wa shirika, kwa hiyo wapiga ngoma wetu waliandikwa matarishi, manju wetu aliandikwa mlinzi, na mwanasarakasi wetu mmoja, Mungu amrehemu, aliandikwa karani wa ghala na sidhani kama alijua ghala lenyewe lina milango mingapi.

Vijana wakisikia hivi hudhani ni utani. Lakini ndivyo nchi ilivyokuwa ikiilipa sanaa. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962. Likaja kundi la taifa la ngoma, vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, baadaye likaongezwa kundi la maigizo. Makundi hayo ya taifa yalipovunjwa kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na baadhi ya magwiji wakahamia huko kufundisha. Marehemu Hukwe Zawose alikuwa mmoja wao. Wazungu walimjua kwa ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na ile sauti yake, wakamwita hadi studio za Real World kule Uingereza, lakini nyumbani alikuwa mtumishi aliyeamka asubuhi kwenda kufundisha wanafunzi. Huku Dar mzigo ulibebwa na majeshi na mashirika. Muziki wa dansi ulikuwa hivyo hivyo: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Bima Lee ya shirika la bima, na Mlimani Park ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. Gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi alihama na vidole vyake tu.

Sasa nieleze asubuhi zetu, maana ndizo ninazozikumbuka kuliko maonyesho yote.

Saa mbili kamili tulikuwa tumesaini daftari la mahudhurio kama wafanyakazi wengine. Saa mbili na nusu tuko ghalani, pembe moja iliyoachwa wazi kati ya marobota. Tulifanya mazoezi mpaka saa tano, tukanywa uji wa shirika na nusu mkate, tukarudi mpaka saa saba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Jumatatu mpaka Ijumaa, mwezi baada ya mwezi. Mimi nilijiona najua sindimba kwa sababu nimezaliwa nayo. Fundi wetu, mzee mmoja wa Newala, alinitazama siku ya kwanza akaniambia, "Binti, kiuno unacho. Mguu huna." Wiki tatu nzima hakuniruhusu kufanya lolote ila mguu wa kushoto. Nilimchukia mzee yule. Kila usiku nilimwambia shangazi kwamba narudi Masasi. Wiki ya nne akanipigia vinganga, zile ngoma ndogo, nikasikia mguu wangu umeingia ndani ya ngoma wenyewe, kama mtu aliyefungua mlango uliokuwa umekaza.

Mwaka 1984 waliamua tujifunze lizombe ya Wangoni. Hawakutuambia tukaangalie wenzetu tuige. Shirika lilimleta mzee kutoka Songea kwa basi, likampa chumba kwenye nyumba ya wageni ya shirika na posho ya kujikimu kwa wiki sita. Wiki sita, kwa ngoma moja! Mzee yule alikuwa anatusimamisha katikati ya wimbo anaanza kueleza mambo ya babu zake, na sisi tunamsikiliza huku mshahara unahesabika. Siku hiyo hatukujua kwamba tunaona utajiri. Hakuna aliyehesabu saa zile kama gharama, kwa kuwa tayari zilikuwa ndani ya mshahara.

Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, sidanganyi. Miaka ile ya foleni, tulichokishukuru zaidi ni duka la wafanyakazi, maana sabuni na sukari zikija tulipata mgao kama wengine. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza mwaka 1986 nilipewa likizo ya uzazi ya siku 84 na mshahara wangu juu. Wachezaji wangu wa leo, binti akishika mimba anaacha kuja, na mimi sina la kumpa zaidi ya khanga.

Lakini wanaozililia zama zile kwa jumla hawakuzicheza. Aliyekulipa mshahara ndiye aliyekuchagulia wimbo. Tumeimba nyimbo za kusifu mitambo ambayo wiki ile ile ilikuwa imeharibika na mafundi wamekaa chini wanasubiri vipuri. Tulisimama juani uwanja wa ndege saa tatu nzima kumngojea mgeni ambaye alipita ndani ya gari, vioo vimefungwa. Na wasichana tuliitwa usiku kuchezea "wageni wa shirika", nyumbani kwa mkubwa fulani, na ukikataa unaambiwa kuna barua ya onyo mezani. Mimi niliipata hiyo barua mara mbili. Ninayo mpaka leo, nimeitia kwenye bahasha pamoja na barua ya ajira.

Mambo yalianza kubadilika baada ya 1986, nchi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwanza uji ulikatika. Halafu mzee wa Newala alistaafishwa na hakuletwa mwingine. Siku moja meneja mpya alikuja na orodha ya vitengo, akatuita "kitengo kisichozalisha". Nakumbuka tulitazamana, kwa sababu tangu tuanze sisi tulijua tunatoa jasho. Mashirika yalipoanza kurekebishwa na kuuzwa miaka ya 1990, vikundi vya ngoma vilikuwa vya kwanza kwenye orodha. Barua yangu ya kupunguzwa ilikuja mwaka 1993. Nilipokwenda kufuatilia mafao nikaambiwa michango ya miezi 14 haikuwahi kufika. Kwenye karatasi zangu za mshahara ilionekana imekatwa kila mwezi. Nikawauliza shirikani ilikwenda wapi, nikaambiwa mhasibu aliyekuwapo amehama. Nilifuatilia miaka miwili, nauli ikanishinda. Kiinua mgongo nilichopata kilinunua cherehani na mabati 20.

Kipindi cha kiingilio sitakieleza sana, wengi wanakijua. Tulijiunga watu 16 tukawa kikundi chetu wenyewe, tukacheza kwenye kumbi za baa Jumapili kuanzia saa tisa. Mwenye baa anachukua bia, sisi tunachukua mlango. Miaka hiyo watu walifurika kutazama kundi la sanaa la Muungano likishindana na TOT, kundi lililoanzishwa na CCM mwaka 1992, na walichokifuata kilikuwa taarabu na vichekesho. Ngoma ilisogezwa mwanzo kabisa, ukumbi ukiwa bado na viti na wahudumu tu. Nilicheza sindimba nikitazamwa na mtu anayepanga kreti. Mazoezi yalishuka kutoka siku tano hadi mbili, kisha moja, kisha tukawa tunaambizana, "Tutakutana ukumbini." Tuligawana mlango usiku ule ule, na anayekuja mazoezini na asiyekuja wanapata sawa. Hapo wewe mwenyewe pima, ni nani ataendelea kuja?

Mwaka 1997 nilibahatika kufika Nairobi kwa mwaliko wa harusi ya jamaa, nikaomba nipelekwe Bomas, kituo cha ngoma za makabila ya Kenya. Mahali pale pameanzishwa mwaka 1971 na serikali ya Kenya, chini ya shirika lake la maendeleo ya utalii. Nilikaa kwenye ngazi za ule ukumbi wa duara nikatazama wachezaji wakibadilisha ngoma moja baada ya nyingine, kabila baada ya kabila. Niliona wamechoka kidogo, uchovu wa mtu anayefanya kitu kile kile kila alasiri. Baadaye nilizungumza na dada mmoja wa pale nje ya geti, nikamuuliza anafanya mazoezi lini. Akanishangaa. "Asubuhi, dada. Ni kazi." Nilirudi Dar kwa basi nikiwa na lile jibu kifuani.

Halafu ikaja posho, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka ya UKIMWI, malaria, chandarua na uzazi wa mpango, ghafla kila shirika lisilo la kiserikali lilitaka kikundi cha sanaa. Asili yake ilikuwa nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kukaa na wanakijiji wa Malya kule Mwanza, wakatafuta nao matatizo yao na kuyatengenezea igizo kwa ngoma zao wenyewe. Kazi ile ilitaka muda. Ilipotufikia sisi kwenye miradi ilikuwa imekatwa pande zote. Tulipewa ujumbe kwenye karatasi, igizo la nusu saa, vijiji kumi kwa siku kumi, fulana mbili kila mtu. Ngoma ilibaki kuwa ya kuita watu. Sindimba niliyojifunza mguu wake wiki tatu ikawa ya dakika saba, tena mratibu amesimama pembeni ameshika saa.

Sitaki nionekane nimekosa shukrani. Pesa ile ilikuwa nzuri kuliko mshahara wa shirika. Vyumba vyangu viwili vya mbele vimejengwa na chandarua. Nikizitazama kuta zile namshukuru mbu. Lakini tazama ililipa nini. Bajeti ilikuwa na usafiri, malazi, posho ya kujikimu, kipaza sauti, fulana, mpiga picha na tathmini. Mazoezi yaliwekewa siku moja, wakati mwingine nusu siku, yaani ile safari ya kwenda kwenyewe. Kilicholipwa ni kuonekana. Ukitokea mbele za watu na kusaini orodha, umelipwa. Kila kinachotokea kabla ya hapo ni chako, jitegemee.

Na hesabu zake zilikuwa mtihani. Unapewa masurufu, unatakiwa kurejesha kwa risiti. Nimekwenda Vingunguti machinjioni kununua ngozi za mbuzi za kuwambia ngoma, namwomba kijana wa pale risiti, ananitazama kama nimemtukana. Mhasibu wa mradi naye anakataa karatasi ya mkono. Mwisho nilikuwa najilipia ngozi mfukoni, na kwenye ripoti inaonekana kikundi hakina gharama ya vifaa. Mwaka unaofuata wanasema, mbona mwaka jana hamkununua kitu?

Nilijaribu kurekebisha. Katika andiko moja la kuomba fedha za mradi niliandika mstari wazi: mazoezi, siku 10, watu 12, shilingi 5,000 kwa mtu, jumla 600,000. Afisa wa mradi, mama mpole tu, aliuchora mstari ule kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Gharama isiyostahili. Wasanii tayari wana ujuzi." Nilikaa nikalitafakari neno lile, tayari. Hakuna anayemwambia mchezaji wa Simba au Yanga asifanye mazoezi kwa kuwa tayari anajua mpira.

Msimu uliofuata mpwa wangu, aliyesoma hadi chuo, alinisaidia kuandika. Akafuta neno mazoezi. Akaandika, "Warsha ya kuwajengea uwezo wasanii wa jamii." Siku zile zile 10, watu wale wale 12, uani pale pale. Akaweka shilingi 20,000 kwa mtu kwa siku. Nikamwambia mwanangu, hiyo ni milioni mbili na laki nne, watatufukuza. Ilipita bila swali hata moja. Walichotaka ni chai ya saa nne, orodha ya mahudhurio, na picha ya washiriki wakiwa mbele ya yale makaratasi makubwa ya kuandikia yanayoning'inizwa kwenye kigoda chake cha miguu mitatu. Tukanunua kigoda na makaratasi Kariakoo. Tukakisimamisha chini ya mwarobaini, mpwa wangu akaandika kwa herufi kubwa MALENGO YA WARSHA, tukapiga picha sita tumekunja mikono na kukunja nyuso. Kisha tukakisogeza pembeni, tukapasha ngoma moto.

Zile zilikuwa siku kumi bora kuliko zote tangu ghalani. Nilimtafuta mtoto wa fundi wangu wa Newala, naye sasa mzee, nikamlipa kama "mwezeshaji". Tulirudisha sindimba dakika 40, na wimbo wa katikati ambao vijana hawakuwahi kuusikia. Dhamiri ilinisuta kidogo kwa lile jina. Baadaye nikajiambia kwamba mimi niliyewahi kuwa Mhudumu wa Ofisi bila sinia nisione haya kuwa mshiriki wa warsha bila malengo. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado ngoma haiingii kwenye karatasi mpaka ijifiche nyuma ya kazi nyingine.

Kuna Mfaransa mmoja, mchezaji densi, aliyekuja Dar kufundisha kwa siku chache na nikaalikwa. Wakati wa mapumziko nilimuuliza kwao anaishije miezi isiyo na maonyesho. Akanieleza kwamba kwao msanii wa jukwaani akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, anapata fedha za bima ya kukosa ajira katika siku ambazo hana kazi. Nikamuuliza swali langu: saa za mazoezi je? Akasema zile zenye mkataba na malipo zinahesabiwa, maana mwajiri analazimika kuzilipa. Aliongeza kwamba mpango ule wanaupigania kila mara, wako wanaotaka ukatwe, na wasanii hugoma. Nilishangaa zaidi kwamba mtu anaweza kugoma kucheza na mwingine akaumia. Sisi tukigoma, DJ anapiga wimbo.

Si kwamba kwetu serikali imekaa kimya. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ipo kwa sheria ya mwaka 1984. Mwaka 1998 ulianzishwa Mfuko wa Utamaduni kwa msaada wa Sweden, ukatoa ruzuku na ile Tuzo ya Zeze, mpaka msaada ulipokwisha. Maafisa utamaduni wapo kwenye wilaya. Mwenzangu mmoja tuliyecheza naye alikwenda kusoma Bagamoyo akawa afisa utamaduni mkoani, na kila nikimpigia simu kuuliza kama kuna chochote jibu ni moja: "Dada, OC haijafika," yaani fedha za kuendeshea shughuli za ofisi. Ana ofisi, ana mshahara, ana muhuri, na pesa ya kumleta mzee mmoja wa ngoma kutoka kijijini hana. Fedha zinapopatikana zinakwenda kwenye tamasha. Tamasha linaonekana, lina mgeni rasmi na linapigwa picha. Hata hayo yenyewe hayana uhakika. Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Zanzibar, pamoja na jina lake lote duniani, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa wafadhili. Na kila baada ya miaka mitano kampeni za uchaguzi huajiri wasanii kuliko mtu yeyote nchini, miezi miwili ya neema, kisha kimya.

Sasa ni mkopo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umefufuliwa na fedha zinapitia benki. Nilikwenda kwenye tawi moja la benki, nikapokewa na kijana mtaratibu, akaniamkia shikamoo na kunipa kiti. Akauliza dhamana. Nikamtajia ngoma 14, njuga, mavazi. Akaandika kidogo akaacha. Akauliza mapato ya kila mwezi, nikamweleza harusi, kitchen party, mahoteli. Kisha akauliza shughuli zetu kwa wiki, nikasema mazoezi siku tatu. "Yanaingiza shilingi ngapi, Mama?" Nikamwambia hayaingizi. Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Kwa hiyo hapo tuweke kama hasara?" Sikumlaumu. Mkopo ni wa kitu kitakachozaa kabla ya rejesho la kwanza. Studio, spika, kamera, hivyo vinakopesheka, na vijana wa muziki wa kizazi kipya wanaoukopa wanaweza kuurudisha. Mguu wa kushoto haukopesheki.

Nikajaribu halmashauri, ile asilimia 10 isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi chetu kina mchanganyiko: mabinti, wavulana, na mimi bibi. Afisa mmoja wa maendeleo ya jamii akanishauri kwa nia njema tutenganishe majina, wanawake watupu, na kwenye shughuli tuandike ufugaji wa kuku. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Mhudumu wa ofisi, mshiriki wa warsha, sasa mfuga kuku.

Ninachofanya siku hizi ni kuwapigia hesabu wateja mbele yao. Mama mwenye harusi akiniambia laki tatu kwa dakika 20 ni nyingi, namwambia, dada yangu, dakika 20 umeziona wewe. Namtajia watu 12, siku tatu, saa mbili mbili, nauli. Wengine wanakata simu. Wachache wananyamaza halafu wanaongeza. Mmoja, mwenye duka la vitambaa pale Kariakoo, alinijibu, "Hata mshonaji wangu hulipwa kwa kukata pia, si kushona tu," akalipa yote. Nimelichukua neno lake nalitumia kila mahali.

Yule kijana niliyeanza naye hakuacha swali lake. Siku ile niliingia ndani nikatoa pesa za harusi ya mwenye duka, nikampa kila aliyekuja 1,200, nauli ya daladala kwenda na kurudi. Nikamwambia hiyo si posho, posho sina, hiyo ni ya kukufikisha hapa. Akaitazama, akaniuliza aandike wapi jina, maana amezoea kusaini. Kile kigoda cha warsha bado kiko uani, kuku wa jirani hulala juu yake. Nikamwonyesha. Akawafukuza kuku, akafunua karatasi jipya nyuma ya lile la MALENGO, akaandika tarehe, akajiandika namba moja. Walifika saba kati ya 12. Nikawasimamisha mstari, nikawaambia wasahau viuno kwanza, leo ni mguu wa kushoto.